Blanketi Lililopita Msituni

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema ili ndugu yangu asije akalaumiwa na watu wasiomjua. Mimi ndiye niliyetazama ramani kwenye simu, nikaona kilomita tatu, nikasema tushuke tutembee.

Kilomita tatu mimi nazijua. Ni kutoka mlangoni kwangu Kilimani hadi maduka ya Adams Arcade na kurudi, nikiwa na mfuko wa mboga mkononi. Nimezitembea nikiwa na mafua, nimezitembea nikiwa na hasira, nimezitembea siku za maandamano wakati magari yote yamejificha. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kilomita za msituni ni za ukoo mwingine kabisa.

Siku hiyo tulikuwa tunaenda ruracio ya mwanangu, yaani siku ya watu wa mvulana kupeleka mahari kwao msichana. Kwetu Wakikuyu kazi hiyo haifanywi na bwana harusi peke yake, wala na mama yake. Lazima asimame mzee wa ukoo aseme, "Huyu kijana ni wetu." Mwanangu ana miaka ishirini na minane, na kwa miaka hiyo yote mtu aliyekuwa akisema "ni wangu" ni mimi tu. Baba yake alipotelea mbali kabla sijanunua hata nepi ya kwanza.

Kazi yangu ni kuchapa kadi. Nina chumba kimoja River Road, ghorofa ya pili juu ya duka la mabomba, na mashine mbili ambazo moja yao hukohoa ikipata baridi. Nimechapa kadi za harusi na ratiba za ruracio za watoto wa watu mpaka naujua mpango wake nikiwa nimefumba macho: geti, salamu, uji, wasemaji, nyanya kuvishwa blanketi. Ratiba ya mwanangu mwenyewe sikuichapa. Niliogopa kujitia nuksi.

Niliogopa kwa sababu tulikuwa tumekwenda mara moja tukarudishwa. Mara hiyo ya kwanza nilienda na akina mama wa kanisa langu pamoja na mwenye nyumba wangu, mzee mwenye mvi za heshima, aliyekubali kusimama kama mtu wa kwetu. Nyanya ya msichana alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kamwili kadogo, macho makali. Yeye ndiye aliyemlea msichana tangu akiwa mchanga, kwa hiyo neno lake pale nyumbani lilikuwa la mwisho. Alimuuliza yule mzee wangu wa kukodi swali moja tu.

"Mama yake huyu mwanamke anaitwa nani?"

Mwenye nyumba wangu akanigeukia. Mimi nami nikatazama chini.

"Rudini na wenyewe," nyanya akasema. "Na mkirudi, hakuna neno litasemwa hapa kabla blanketi yangu haijafika kwa mabega. Mkikuja tena bila wenyewe, msikuje tena."

Chakula hawakutunyima. Lakini wali wa mtu aliyekataliwa hupita kooni ukikwaruza, na mwanangu aliendesha gari mpaka Nairobi bila kufungua redio.

"Wenyewe" alikuwa mtu mmoja. Wazazi wangu wameshakufa, na nina kaka mmoja tu, mzee wa miaka sabini hivi, mwenye vyumba vya kupangisha kule Wangige na ng'ombe wawili nyuma ya vyumba. Tulikuwa tukisalimiana kwenye matanga, basi. Nilipopata mimba nikiwa kwetu, baba alinifukuza mbele ya watu, na kaka yangu alisimama pale uani mikono ikiwa mfukoni. Alikuwa mtu mzima tayari, mwenye mke na watoto. Angeweza kusema kitu. Nilijifungulia mjini, hospitali ya umma, nikalala pale siku tatu. Kwetu mwanamke akijifungua, watu wa kwao huja na uji. Mwenzangu wa kitanda cha kushoto aliletewa chupa tano, akanionea huruma akanimiminia kikombe. Nimesamehe watu wengi maishani, wengine hata hawakuniomba. Ila uji ule sikuusamehe. Nilipoenda Wangige kumwambia kaka yangu kwamba namhitaji, nilisema maneno machache kama mtu anayeagiza saruji. Alisikiliza, akafuta kofia yake kwa kiganja, akasema, "Nitakuja." Sikumshukuru.

Siku yenyewe tulikutana Adams Arcade asubuhi, kwenye kituo cha mafuta, van moja iliyojaa watu na vitu. Kaka yangu alikuja amevaa suti ya vipande vitatu, kofia, na viatu vyeusi vilivyopigwa rangi mpaka unaweza kujitazama ndani yake. Mimi nilikuwa nimeshonewa gauni la kitenge refu la kubana magoti, na viatu vya kisigino. Blanketi nilikuwa nimelipakata mwenyewe. Lilikuwa zito, la rangi ya kahawia, lenye tausi wawili, ndani ya ule mfuko wake wa plastiki wenye zipu. Nilimkataza kila mtu kuufungua, hata mwanangu aliyetaka kugusa tu asikie ulaini. Blanketi la ruracio hufunguliwa na mwenyewe, na mwenyewe ni nyanya ya watu.

Tulikwenda vizuri mpaka lami ilipoisha. Kwao msichana ni upande wa Nyandarua, ukingoni mwa msitu, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Mbele yetu lori la viazi lilikuwa limelala ubavu katikati ya barabara, viazi vimetapakaa matopeni, na dereva wake ameketi juu ya gunia akila ndizi. Alituambia trekta limeitwa. Aliyeliita hakujua litafika lini. Ilikuwa saa sita kasoro, na watu wa msichana walikuwa wametuambia wazi kwamba saa nane geti linafungwa.

Hapo ndipo nilipotoa simu. Barabara ilizunguka msitu wote. Lakini ukikata katikati, kutoka pale tulipokwama hadi kwao msichana, kilomita tatu.

"Mathe, tulia," mwanangu akaniambia kutoka kwenye usukani. "Trekta inakuja. Nitawapigia niwaelezee."

"Piga." Akapiga. Hakukuwa na mtandao wa kupiga, ulikuwapo wa kuonyesha ramani tu, na huo nao ulikuwa unakata roho.

"Mimi sirudishwi mara ya pili kwa sababu ya viazi," nikasema. Nikashuka na blanketi langu. Mwanangu hangeweza kuliacha gari na vitu vyote vile, na wale wengine walitazama viatu vyao, wakatazama msitu, wakaamua kwamba trekta litafika. Ni kaka yangu tu aliyeshuka. Alichomoa fimbo yake chini ya kiti, akavuta koti lake likae sawa.

"Bila mimi utaenda kufanya nini huko?" akasema. "Na usiogope. Sisi damu yetu ni ya msituni."

"Damu ni ya msituni lakini viatu ni vya Moi Avenue," nikamjibu.

Robo saa ya kwanza ilikuwa nzuri, sitaki kusema uongo. Njia ilikuwa pana, miti mirefu, na mbega wawili wakaruka juu yetu mikia ikining'inia. Nikajiambia kwamba watu wa Nairobi hulipa hela waletwe mahali kama hapa wakiwa wamevaa soksi ndefu. Kisha njia ikagawanyika. Kile kidoa cha buluu kwenye simu yangu kikasimama, kikarukaruka kidogo, kikatulia mahali ambapo hatukuwa. Kaka yangu akasema kushoto. Mimi nikasema kulia. Tukaenda kushoto kwa sababu yeye ni mkubwa, na kwa sababu sikuwa na hoja nyingine ila ubishi.

Kushoto kulikuwa na mianzi. Mianzi ile imeshikana hivi kwamba unapita kwa ubavu, na chini tope linakushika mguu, unauvuta, kiatu kinabaki. Ukungu ukashuka. Mvua ikaanza, si ya kelele, ile nyembamba inayoingia shingoni. Nilishika mmea ili nisiteleze, kumbe ni thabai, yale majani yanayowasha, na kiganja changu kikawaka moto papo hapo. Baadaye kidogo tukakuta kinyesi cha ndovu katikati ya njia, kikubwa, bado kinafuka moshi. Tulisimama tukakitazama pamoja kwa adabu.

"Ni cha jana," kaka yangu akasema.

"Cha jana kinatoa moshi?"

Alipita pembeni akiwa amekunja suruali, fimbo mbele, na nikaona kwamba naye anaogopa. Sijui kwa nini jambo hilo lilinifurahisha.

Kisigino changu cha kulia kilikatika kwenye gogo moja lililoanguka, lenye uyoga mweupe upande mzima. Nilikasirika, nikakiweka kile kisigino juu ya gogo, nikavua viatu vyote viwili nikaendelea pekupeku. Tulitembea. Tulitembea sana. Mara ya kwanza nilipotazama saa ilikuwa saba kasoro, mara ya pili saba na nusu, na hakuna kilichobadilika ila mvua. Tulivuka kijito, tukapanda, tukashuka, tukaingia tena kwenye mianzi, tukatokea. Mbele yetu lilikuwako gogo lenye uyoga mweupe, na juu yake kisigino changu kikitungoja.

Nililia. Nililia kwa sauti, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Nikamgeukia kaka yangu nikamwambia mambo yote: kwamba alisema anajua msitu na hajui kitu, kwamba maisha yake yote amekuwa mtu wa kusimama, kwamba alisimama siku ile uani na leo amekuja kusimama kwa mwanangu kana kwamba ni shamba aliloliacha na sasa limeota mahindi. Nilisema na la uji. Nilikuwa nimelibeba tumboni miaka ishirini na minane, zito kuliko blanketi lile mikononi, na lilitoka lote.

Hakujibu. Nikadhani ni kiburi. Kumbe alikuwa ameketi kwenye gogo, kofia imeanguka, na midomo yake imekuwa ya rangi ya majivu. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, na jasho linamtoka katika baridi ile.

"Kaka," nikamwita.

Akanitazama kama mtu anayemtafuta mwenye sauti. "Basi limefika?" akauliza.

Hapo nikajua. Mama yetu alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kaka yangu anao. Asubuhi alikuwa amejidunga sindano yake na hakula chochote, kwa sababu wasemaji wa zamani husema tumbo likishiba ulimi hulala. Sukari ilikuwa imeshuka, suti imelowa, na baridi ya Nyandarua haimjui mzee wala kijana. Nilimwaga mkoba wangu wote kwenye uyoga. Kulikuwa na leso, funguo, kitambulisho, na peremende mbili za kanisani, moja imegandamana na karatasi yake tangu matanga ya nani sijui. Nikazimenya zote, nikamtia mdomoni, nikamshika taya mpaka akaanza kunyonya.

Halafu nikatazama blanketi.

Nitasema ukweli, maana hakuna faida ya kuandika haya nikijipamba. Nilisita. Lilikuwa pale miguuni pangu, kavu, safi, tausi wake wawili wakinitazama kupitia plastiki. Bila blanketi hilo hakuna neno litakalosemwa. Mwanangu atarudi Nairobi tena bila kufungua redio, na msichana yule ninayempenda atamsikiliza nyanya yake, kwa sababu amelelewa vizuri. Na aliyekuwa akitetemeka mbele yangu alikuwa nani? Nilisita kwa muda ambao mtu anaweza kusoma Baba Yetu hadi mwisho. Katika muda huo nilimwona kaka yangu akiwa uani, mikono mfukoni, na nikajiona mimi nimesimama msituni, mikono yangu kwenye mfuko wa plastiki. Nikaona aibu iliyonifanya nicheke kidogo, peke yangu.

Nikavuta zipu. Nilimvua koti lililolowa, nikamfunika blanketi kuanzia kichwani, nikamkumbatia na blanketi lake pale kwenye gogo. Hatukuwahi kukumbatiana tangu nikiwa mtoto. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani.

Peremende zikafanya kazi yake polepole. Baada ya muda akaacha kutetemeka sana, na macho yake yakarudi. Akaongea akiwa ndani ya blanketi, nikimwona pua tu.

"Nilikuja," akasema.

"Ulikuja wapi?"

"Hospitali. Ulipozaa. Mke wangu alipika uji, akaniwekea kwa chupa. Nikafika mpaka kwa geti." Akameza mate ya peremende. "Nikamwona mtu wa huko kwetu akipita, mjuaji mmoja, nikaogopa ataenda kumwambia baba. Nikarudi stendi ya basi."

"Na uji?"

"Niliunywa. Singerudi nao nyumbani, mke wangu angejua sikufika." Kisha akasema, "Sijawahi kunywa uji mchungu hivyo."

Nilitaka kukasirika na sikupata pa kuanzia. Nilimwona mtu mzima na kofia yake, ameketi kwenye stendi katikati ya watu, akinywa uji wa mzazi kwa haraka kabla basi halijajaa. Nilicheka, naye akacheka, halafu mmoja wetu akawa analia, na sitasema ni nani.

Tulikuwa katika hali hiyo aliposimama mbele yetu mwanamke mwenye gambuti, zile buti za mpira, mzigo wa kuni mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Alitutazama kuanzia miguu yangu mitupu mpaka tausi waliokuwa kichwani kwa kaka yangu.

"Haiya! Nyinyi mmetoka wapi na nguo za harusi?"

Nikamweleza tunakokwenda. Akashusha pumzi, akaweka mikono kiunoni.

"Kumbe ni nyinyi! Hizi kuni ni zenu. Chakula imepoa, nikatumwa kuni tuwashe tena. Watu wamengoja mpaka wamechoka." Kisha akauliza, "Kwani huku mmefuata nini?"

"Njia ya mkato," nikasema.

Alikuwa na adabu, hakucheka. Alimshika kaka yangu mkono mmoja, mimi nikamshika mwingine, na tukatembea. Hatukutembea hata nusu saa. Gogo lile tulilolizunguka mchana mzima lilikuwa karibu na ukingo wa msitu, na kama mvua isingekuwapo tungesikia jogoo wa watu.

Geti lilikuwa limefungwa. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Wanawake wa upande wao walikuwa wamesimama nyuma ya mabati, na kwa desturi wangepaswa kutuimbia na sisi tuwajibu, lakini sisi tulikuwa wawili na hakuna aliyekuwa na sauti ya kuimba. Yule mama wa kuni akapita kwa mlango wa jikoni, na nilimsikia akiwaambia kitu kwa ukali. Geti likafunguliwa kimya kimya. Kila mtu pale uani akatutazama. Mimi na gauni langu limepasuka mpaka gotini, kaka yangu amejifunga blanketi lenye tope na majani ya mianzi, kofia mkononi.

Nyanya alikuwa kwenye kiti chake kile kile cha plastiki.

"Blanketi yangu iko wapi?" akauliza.

Njiani nilikuwa nimetunga uongo. Ningesema blanketi liko kwenye gari linakuja, kisha ningemtuma mtu akanunue lingine sokoni. Ulikuwa uongo mzuri, wa River Road, wenye kona zote. Nikafungua mdomo na haukutoka.

"Ndiyo hiyo, mama," nikasema. "Huyu ni mgonjwa, alikuwa anakufa na baridi. Nimemfunika nayo."

Akaashiria tusogee. Alishika pindo la blanketi kwa vidole viwili, akalisugua. "Imelowa."

"Ndiyo, mama."

"Ilikuwa mpya?"

"Saa sita ilikuwa mpya."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa. Nyanya hakucheka. Alimwinulia kaka yangu uso, akamuuliza lile swali lake, neno kwa neno kama lilivyokuwa mara ya kwanza.

"Mama yake huyu mwanamke anaitwa nani?"

Kaka yangu akaweka fimbo chini mbele yake, akashika blanketi kifuani kwa mkono mmoja. Sauti yake ilikuwa bado dhaifu, lakini ilifika kila kona ya ua ule. Alitaja jina la mama yetu. Akataja la mama yake mama, na la aliyemzaa huyo, na ukoo wetu, na mahali walipotoka. Sijawahi kuyasikia majina yale yakipangwa pamoja mbele ya watu, na mimi nimo mwishoni mwake.

"Mama yake ni mama yangu," akamaliza. "Huyu ni dada yangu. Nilichelewa kumjia, na kosa ni langu. Kijana ni wetu."

Kisha akaanza kulivua blanketi ili ampe mwenyewe. Akayumba, likamnasa kwenye vifungo vya kizibao cha suti.

"Wacha!" nyanya akamkemea. "Ukianguka hapa watu watasema tumekuua. Leteni kiti."

Kiti kikaletwa, kikawekwa ubavuni mwa chake. Kaka yangu akaketi. Nyanya akavuta upande mmoja wa blanketi, upande wenye tausi safi zaidi, akajifunika mabega yake, na upande wa pili akauacha ulipokuwa. Lilikuwa blanketi kubwa, la vitanda viwili, na lilitosha. Walikaa hivyo wawili, mzee wa upande wetu na mwenye neno la upande wao, vichwa viwili vikitokeza juu ya nguo moja.

"Sasa iko kwa mabega yangu," akasema. "Ongeeni."

Mwanangu na wale wengine walifika saa tisa na nusu nyuma ya trekta. Alishuka mbio, akitarajia geti lililofungwa, akamkuta mjomba wake akizungumza na wazee huku nyanya ya mchumba wake amesinzia begani kwake. Alinitafuta kwa macho. Nilikuwa nimekaa kwenye viti vya nyuma, miguu kwenye beseni la maji ya moto aliloniletea msichana mwenyewe, ingawa kwa desturi siku hiyo hakupaswa kuonekana na wageni.

Uji ukaja kabla ya chakula, uji wa chachu, kwenye kibuyu na vikombe. Kwa desturi msemaji hupewa wa kwanza, na hakuna anayeonja kabla yake. Nimechapa ratiba hizo mara nyingi, najua. Wakampa kaka yangu kikombe. Alikishika kwa mikono yote miwili, akakitazama. Ua mzima ukamngojea anywe.

Akatoka polepole chini ya blanketi ili asimwamshe nyanya. Akavuka ua akiwa na shati lililolowa, kikombe mbele yake, akipita kati ya viti vya watu wote wale, mpaka kwenye viti vya nyuma, mpaka kwenye beseni langu. Akaninyooshea.

"Umechelewa," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Kunywa."

Nikakipokea. Alisimama pale pale, mikono haiko mfukoni, akanitazama mpaka nikamaliza kikombe chote.